Upande wa Kaskazini wa Jiwe

Tveit, Sandvåg
22 Februari 1931

Mdogo wangu mpendwa Ingeleiv,

Nakusalimu kwa upendo na kwa amani ya Bwana. U hali gani huko Isilandi? Eyjolfur mumeo anaendeleaje, na kile kifua chako kilichokusumbua tangu vuli kimetulia? Sisi huku miili ni mizima, ila mioyo ndiyo imelala chini.

Telegramu ya Kaka Nils najua ilikufikia, kwamba Mama ametutoka tarehe tisa. Lakini telegramu haiwezi kusimulia mazishi. Unajua desturi yetu, jeneza likipita mbele ya nyumba, wenye nyumba hutandaza matawi ya msonobari mlangoni. Safari hii, Ingeleiv, walitandaza hata wale ambao jeneza halikupita kwao. Ng'ambo ya ghuba niliona kijani juu ya theluji, mlango baada ya mlango. Miaka arobaini na mmoja ya ukunga! Nusu ya waliobeba jeneza walipokelewa na mikono ileile iliyokuwa imelala ndani yake.

Sasa nikuambie linaloniuma. Jiwe la Baba hujaliona, uliolewa na kuondoka kabla halijasimamishwa. Kaka Nils alilichongesha mwaka 1919, akaandikisha yote kwa mara moja ili mchongaji asisumbuliwe tena. Limeandikwa hivi: ANDERS TVEIT, MWENYE SHAMBA, na chini yake OG HUSTRU. Na mke. Basi, hakuna zaidi. Ndivyo wanavyofanya wote hapa. Mama alikuwa hai bado! Miaka kumi na miwili alikuwa akienda kuling'oa kuvu jiwe hilo kwa kucha zake, ananiambia, "Tazama, Borghild, mimi nimo humu tayari. Nimebakiza kuingia tu." Tukacheka. Leo sicheki.

Juzi nilimwuliza Kaka jina la Mama litachongwa lini. Akanitazama kama niliyemwomba mwezi.

"Jina gani? Yumo tayari. Imebaki tarehe."

Ingeleiv, jina lile Mama alipewa kwenye maji ya ubatizo. Brita. Brita Olsdatter. Nani kampa mtu ruhusa ya kulifuta? Nataka uniunge mkono. Tukiwa wawili, Kaka hataweza kusema ni wazimu wa dada yake mmoja asiyeolewa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Borghild

*

Seydisfjördur
30 Machi 1931

Dada yangu Borghild,

Barua yako imekuja na meli ya kwanza, nikaisoma nimesimama palepale gatini, watu wakanipisha. Asante kwa habari ya matawi. Nimeyaona kama niliyekuwepo.

Kifua kimetulia. Eyjolfur anakupa pole, amesema atalia Jumapili kwa sababu siku za kazi hana nafasi. Unayajua maneno yake.

Lakini kuhusu jiwe, dada, niwie radhi. Kaka Nils naye ameniandikia. Anasema Mama mwenyewe alitaka jiwe liachwe lilivyo. Kama ni hivyo, sisi ni nani? Mama hakupenda kelele. Nina hakika wewe umeumia tu, na maumivu hutafuta mahali pa kukaa. Mwachie Kaka jiwe lake.

Huku ni tofauti kidogo, nakubali. Miaka kumi na tano nimeolewa na bado naitwa, kwa matamshi yao, Ingileif binti Anders, kama kwetu tunavyosema Andersdatter, hakuna anayeniita kwa jina la mume wangu. Nilipofika niliona ajabu, nikadhani wananikatalia ndoa yangu! Lakini kila nchi na mambo yake.

Pumzika, dada. Umemuuguza Mama majira yote ya baridi.

Mdogo wako,
Ingeleiv

*

Tveit
26 Aprili 1931

Mpendwa Ingeleiv,

Nimefurahi kifua kimetulia. Kunywa maziwa ya moto, usimsikilize mtu.

Unasema jina la Anders umelibeba hadi huko. Vizuri, lakini hilo nalo ni la baba! Hata huko basi hamjafika mbali. Nakutania.

Kuhusu Mama alitaka nini, nitasema tu kwamba Mama katika maisha yake yote hakuwahi kuomba kitu. Si kiti cha karibu na jiko, si kipande cha pili cha mkate. Mtu asiyeomba hujui alichotaka.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumatano chama chetu cha wanawake cha misheni kilikutana kwa Oline Vika, yule mjane mwenye jino moja. Tulikuwa kumi na wanne, tunafuma soksi, tunakula mikate myembamba ya lefse yenye siagi. Nikawaambia habari ya jiwe. Sindano zote zikasimama. Kisha Oline akasema, "Kwani jiwe langu na marehemu linasema nini? Nimepita pale miaka tisa sijawahi kujitafuta."

Siku ya pili yake tukaenda makaburini sote, tukasoma jiwe baada ya jiwe. Ingeleiv, mwanamume hufa akiwa mkulima, nahodha, mzee wa kanisa, mwenye kinu. Mwanamke hufa akiwa mke, mjane au mwali. Hata kaburini jiwe linatuuliza jambo moja: una mwanamume au huna? Mimi wataniandika mwali, na miaka yangu hamsini na miwili na magoti haya!

"Mimi niandikieni Mpika Kahawa," akasema Oline.

Tukacheka hadi mke wa mchungaji akafungua dirisha kuangalia kuna nini.

Jioni nikamwambia Kaka mezani. Wifi Marta alikuwa anapakua uji, mwiko ukasimama hewani.

"Borghild," akasema, "mimi ni mzee wa kanisa. Unataka watu waseme mzee wa kanisa anatawaliwa na chama cha soksi?"

"Nataka waseme anamjua mama yake kwa jina."

"Na ungeandika nini? Mkunga? Wakunga wenye vyeti wako mjini. Mama alikuwa mke wa Baba. Hicho ndicho alichokuwa."

Swali lake likaninyima usingizi. Kweli, alikuwa nani? Mkunga hakuwa na cheti. Mke, Baba amekufa miaka kumi na miwili na Mama hakupungua hata kidogo. Mjane, hilo ni jina la pengo tu. Nikafikiria jina la chama chetu lililoshonwa kwenye bendera, kwamba ni chama cha kvinner, cha wanawake. Mbona neno hilo halipo kwenye jiwe hata moja? Tunaruhusiwa kuwa wanawake tukifuma soksi, tukifa tunakuwa wake?

Umenieleza zamani kwamba yule mwalimu mzee anayekaa kwenu, Gudlaug, anajua maneno yalikotoka. Mwulize neno hili letu limetoka wapi. Nataka nikisimama mbele ya Kaka niwe nimesimama juu ya kitu.

Borghild wako

*

Seydisfjördur
2 Juni 1931

Dada Borghild,

Nimecheka na nimelia, na Eyjolfur amesema nichague moja.

Mwalimu Gudlaug nilimsomea barua yako yote, hata ya jino la Oline. Ana miaka sabini na nane na macho yake yamekwisha, lakini alisimama akashika ukingo wa meza kama yuko darasani. Haya ndiyo aliyoniambia, nimeyaandika siku ileile nisije nikayapotosha.

Kwa lugha ya huku, neno la mwanamke ni "kona". Mwanamke yeyote, ameolewa au hajaolewa. Neno hilohilo kwenu huko limekuwa kone, na maana yake imekuwa mke wa mtu. "Ni neno moja," akasema Gudlaug, "ila la kwenu limeozwa."

Lakini kvinne, yaani mmoja katika hao kvinner wenu, lina njia yake. Zamani sana, watu waliposema jambo fulani ni la wanawake, la wote kwa pamoja, walitamka kvenna, na mahali pengine kvinna. Katika hilo la wengi ndimo lilimotoka hili la mmoja: kvinne lenu, kvinna la Waswidi, kvinde la Wadenmark. Kwa hiyo, dada, ukimwita mtu kvinne, ndani yake bado kuna wenzake wote. Hata Waingereza wanalo ndugu yake, nalo kwao limepanda likawa jina la malkia.

Nikamwuliza mara tatu, "Mwalimu, hakuna mwanamume aliyejificha humo ndani?" Akasema hakuna. Hustru lina nyumba ndani yake, maana ni bibi wa nyumba. Hili ukilichimba hadi chini kabisa, kwa kadiri wasomi walivyochimba, unakuta mwanamke tu, amekaa peke yake, hakuna aliyemtangulia mlangoni.

Nikatoka nje nikakaa na ndoo ya samaki miguuni. Nikamfikiria Mama. Mtu akigonga, anafunga kilemba na kutoka, Baba akibaki na chakula chake. Alikuwa wa Baba, sikatai. Lakini alikuwa wa wanawake. Ghuba nzima ilijua hivyo isipokuwa jiwe.

Nilikosea kukuambia uache. Andika jina langu pamoja na lako. Andikeni Brita Olsdatter, na chini yake andikeni kvinne.

Kama Mama hakusema neno, sisi tutasema.

Ingeleiv

*

Tveit, Sandvåg
20 Juni 1931

Mdogo wangu Ingeleiv,

Nakuandikia kwa masikitiko. Borghild amenionyesha barua yako kama mtu anayeonyesha hati ya mahakama.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Jiwe lile nililisimamisha kwa heshima, kwa desturi ya babu zetu, na hakuna aliyelalamika. Majira ya baridi yote nilimbeba Mama mikononi kutoka kitandani hadi kitini, asubuhi na jioni. Sikumbeba kwa sababu ni mke wa mtu. Nilimbeba kwa sababu ni Mama. Leo natajwa kanisani kama mwana asiyemjua mamaye.

Ninachotaka ujue ni kimoja. Siku mbili kabla hajafa, Mama alituita mimi, Marta na Borghild. Akasema: "Liacheni jiwe lilivyo. Msigombane kwa ajili yangu." Maneno hayo Borghild aliyasikia, alikuwa amemshika mkono. Naona hakukuambia. Mwulize kwa nini.

Kaka yako,
Nils A. Tveit

*

Seydisfjördur
12 Julai 1931

Borghild,

Je, ni kweli? Usinizungushe. Machi nilikuandikia alichosema Kaka, ukanijibu habari za mkate na kiti cha jikoni. Nimeandika "kama Mama hakusema neno", na wewe ukaiacha sentensi hiyo ikapita, ukaipeleka kwa Kaka mkononi mwako.

Sijui nikasirike kwa ajili ya nani. Nijibu.

Ingeleiv

*

Kwa Oline Vika, Sandvåg
16 Agosti 1931

Mdogo wangu Ingeleiv,

U mzima? Naomba barua hii ikukute mzima, hata kama itakukuta na hasira. Unaona nimeandika kutoka kwa Oline. Nitakufikisha huko.

Ni kweli. Mama alisema maneno hayo, kama Kaka alivyoyaandika, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungesema tumtii, na nilijua ningekusikiliza. Kukuficha ni dhambi, nimeitubu, nawe naomba unisamehe. Lakini lile nililolifanya baadaye sijalitubu, wala sitalitubu.

Nimepiga magoti juu ya jambo hili tangu Februari, Ingeleiv. Mama alikuwa mtu wa kutosumbua. Asubuhi ile ya kufa aliniomba radhi kwa sababu ng'ombe walichelewa kukamuliwa! Mtu wa namna hiyo angesema nini kingine kuhusu jiwe? Unyenyekevu wake ulikuwa wake, na Mungu anaujua. Lakini Kaka hawezi kuuchukua akaufanya blanketi la kumfunika uso. Miaka hamsini na miwili sikumkaidi Mama hata kwa kikombe. Nimemkaidi mara moja, kwa ajili yake. Siku ya hukumu sitajificha nyuma ya Oline wala nyuma yako. Nitasema, ni mimi.

Sasa nikueleze. Unakumbuka kanisani kwetu wanaume hukaa kusini na wanawake kaskazini, ingawa siku hizi hakuna anayelazimishwa. Na tukitoka, wao huzunguka kwa njia yao na sisi kwa yetu. Kaka aliposimamisha jiwe aliligeuzia uso njia ya kusini, wanaume walisome. Hakufikiria mgongo. Mgongo unatazama njia yetu. Miaka kumi na miwili wanawake wa Sandvåg tumekuwa tukipita mbele ya jiwe jeusi, pana, tupu, kila Jumapili, na hakuna aliyeliona hadi Oline aliposema, "Kwani huku kuna ubaya gani?"

Nikaenda kwa mchungaji. Akatafuta kwenye kanuni zake, akavua miwani, akavaa tena. "Kanuni zinasema jiwe moja kwa kaburi moja," akasema. "Kuhusu mgongo hazisemi kitu." Kisha akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea.

Mons mchonga mawe alikuja Jumamosi tarehe ishirini na tano Julai, baada ya nyasi zote kutundikwa kukauka. Tulikuwa wanawake ishirini na kitu, na reki zetu bado mikononi. Alikuwa amekwisha kuchora herufi kwa chaki na kushika tindo lake la kuchongea Kaka alipotokea, amevaa kofia ya kanisani.

"Ondoka hapo, Mons. Jiwe ni langu."

"Uso ni wako, Nils," akasema Mons. "Sijaugusa."

"Na mgongo ni wa nani?"

"Ni wa wanaouona," akadakia Oline. "Wewe hujapita njia hii hata siku moja."

Kaka akasoma chaki. Uso ukamwiva. "Kvinne! Hicho nacho ni cheo? Kila mtu anajua alikuwa mwanamke!"

"Kama kila mtu anajua," akasema Oline, "mbona mlisahau kuandika?"

Wanawake wakacheka, na hapo nilimwonea Kaka huruma, kwa kweli. Akanigeukia mimi. Sauti ilikuwa ya chini.

"Borghild. Mama alikuomba."

"Aliniomba, Kaka. Sikatai mbele ya watu wote hawa. Aliniomba, nami sikumwahidi."

"Tindo hilo likigusa jiwe, usirudi kwangu."

Ingeleiv, nimezaliwa kwenye nyumba ile. Kitanda changu kiko chini ya dirisha la mashariki. Nilimtazama wifi Marta aliyesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa. Nikasema, "Gonga, Mons."

Akagonga. Mons alizaliwa ametanguliza miguu, Mama alimgeuza kwa mikono yake, na anasema alichonga kila herufi akilifikiria hilo. BRITA OLSDATTER. KVINNE. Hakuna tarehe. Hazikutujia kichwani, na sasa naona ni sawa.

Usiku uleule sikurudi Tveit. Nalala kwenye dari ya Oline, anakoroma kama kinu.

Kaka hakukaa kimya. Alimwambia Mons alifute, Mons akasema bega linamuuma. Akavuka ghuba kwa mchongaji wa Eikenes, yule akasema matindo yake yote yamekuwa butu kwa ghafla. Akapiga makasia hadi Lid, kwa mzee Sjur, na Sjur akamwambia wazi, "Nils, mimi mwenyewe sikupokelewa naye, lakini watoto wangu tisa wote. Nenda nyumbani." Inaonekana ili kumpata mtu wa kulifuta jina la Mama, itabidi Kaka asafiri hadi mahali ambapo mikono ya Mama haikufika, na hapo ni mbali.

Basi Jumatatu iliyopita asubuhi alichukua tindo na nyundo kutoka kwenye banda la mashua, akaenda mwenyewe. Haya nimeambiwa na Marta, aliyemfuata na koti lake kwa sababu kulikuwa na mvua. Alisimama upande wetu, mara ya kwanza katika maisha yake. Akaweka tindo kando ya herufi B, akapiga pigo moja. Kisha akashusha nyundo. Marta anasema alimsikia akilisoma jina kwa sauti, lote, polepole, kama mtoto anayefundishwa. Halafu akasema, "Twende, ng'ombe wanangoja." Akamwachia Marta tindo alibebe.

Hajaniita nyumbani. Sijui kama ataniita, wala siendi kuomba. Jana Marta aliniletea sanduku langu la sufu na mtungi wa maziwa. Alipofika mlangoni aligeuka, mwekundu kama mtu aliyeiba.

"Wifi," akasema, "Mons akiniuliza siku moja, mimi ni Marta Eriksdatter. Mwambie mapema, asije akasahau."

Lile pigo la Kaka limeacha jeraha, kama upana wa ukucha, kushoto kwa jina. Mons alitaka kulisugua lipotee. Nimemkataza. Acha likae. Wajukuu wa Sandvåg wakipita wakiuliza ni nini hicho, waambiwe kwamba jina hili lilipigwa na halikutoka.

Mwalimu Gudlaug mpe mikono yangu yote miwili. Mwambie neno lake limesimama nje, kwenye mvua, na linasomeka vizuri.

Na wewe, mdogo wangu, niambie kama umenisamehe. Meli za vuli zinakaribia kuisha, kwa hiyo tafadhali nijibu upesi.

Dada yako,
Borghild Andersdatter, kvinne